Mishipa midogo ya moyo isiyoonekana inavyoweza kubadilisha uamuzi wa daktari

Na MWANDISHI WETU

TUSEME wagonjwa wawili wamelazwa katika wadi moja. Wote wana umri wa miaka 58, wote hulalamikia maumivu ya kifua wapandapo ngazi, na picha za mishipa ya mioyo yao zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Katika kila picha, mshipa mkubwa unaoteremka mbele ya moyo umebanwa kwa kiasi cha asilimia 60.

Daktari anapopima shinikizo la damu ndani ya mishipa hiyo, anapata 0.75 kwa mgonjwa wa kwanza na 0.86 kwa wa pili. Wa kwanza anashauriwa awekewe stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachopanua mshipa uliobanwa. Wa pili anaambiwa kwamba mbano wake si wa kutisha, naye anarejea nyumbani akimshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye, maumivu yangali pale pale.

Wagonjwa hao ni wa mfano tu, lakini hali yao inafahamika vyema kwa madaktari wa moyo. Inakuwaje mibano miwili inayofanana itoe hesabu tofauti? Na kwa nini aliyeambiwa kwamba mshipa wake una nafuu bado anaumwa?

Jibu limo katika mishipa ambayo picha haiwezi kuionyesha.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Moyo, licha ya kusukuma damu kwenda mwili mzima, nao huhitaji damu yake wenyewe. Huipata kupitia ateri zinazotambaa juu yake na kisha kugawanyika matawi, vitawi na hatimaye vijishipa vyembamba mno vinavyopenya ndani ya msuli.

Tangu 1958, daktari Mason Sones wa hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani alipoingiza rangi ya eksirei katika ateri ya moyo bila kukusudia na kugundua kwamba mgonjwa alinusurika, picha ya namna hiyo imekuwa msingi wa uchunguzi wa moyo. Mnamo Septemba 1977, Andreas Grüntzig alifanya upanuzi wa kwanza wa ateri ya moyo kwa kutumia kipulizo kidogo mjini Zürich, Uswisi. Tangu hapo, kuona mbano na kuupanua yakawa mambo mawili yanayofuatana kama kivuli na mtu.

Hata hivyo, picha hiyo ina upungufu mkubwa. Huonyesha tu mishipa yenye upana wa takriban nusu milimita au zaidi. Vijishipa vyembamba kuliko hapo, ambavyo ndivyo vingi zaidi, havionekani kamwe. Ni sawa na kutazama mti usiku na kuona shina na matawi makuu pekee, ilhali majani, ambako uhai wa mti huo hutegemezwa, yamefichwa na giza.

Na si kwamba vijishipa hivyo ni vya ziada tu. Katika moyo wenye afya, mishipa mikubwa haizuii damu kupita ila kwa kiasi kidogo sana. Vijishipa ndivyo vinavyoamua ni damu kiasi gani ipite: hujifunga mtu akiwa amelala na kufunguka anapokimbilia matatu au kubeba mtungi wa maji. Moyo wenye siha unaweza kuongeza damu yake mara tatu, au hata zaidi, unapofanya kazi ngumu.

Uwezo huo wa kufunguka ndio unaomwezesha mtu kuishi na mbano kwa miaka bila kujua. Mnamo 1974, Lance Gould na mwenzake Kirk Lipscomb walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanyia mbwa nchini Marekani. Walibaini kwamba mnyama anapopumzika, damu haipungui hadi mshipa ubanwe kwa takriban asilimia 85 ya upana wake, kwa sababu vijishipa vilivyo mbele ya mbano hufunguka kufidia. Lakini damu inapohitajika kwa wingi, upungufu huanza kujitokeza mshipa ukiwa umebanwa nusu tu, au hata kabla ya hapo.

Waya mwembamba ndani ya mshipa

Kutokana na elimu hiyo, wataalamu walitambua kwamba kuukadiria mbano kwa jicho hakutoshi. Katika miaka ya 1990, Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji waliasisi kipimo kinachojulikana kwa herufi FFR.

Daktari hupitisha waya mwembamba wenye kipima-shinikizo hadi upande wa pili wa mbano. Kisha mgonjwa hupewa dawa, aghalabu adenosini, ambayo hufungua vijishipa kadiri viwezavyo, kana kwamba mgonjwa anapanda mlima. Daktari hugawanya shinikizo lililo mbele ya mbano kwa shinikizo lililo katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Pasipo na kizuizi chochote, jawabu ni 1. Likiwa 0.80 au chini ya hapo, mbano huo huhesabiwa kuwa unaunyima moyo damu.

Faida ya kipimo hiki ilidhihirika katika utafiti uitwao FAME, uliochapishwa 2009 na kuwahusisha wagonjwa 1,005 barani Ulaya na Marekani. Waliowekewa stenti kwa kufuata picha pekee walipata wastani wa stenti 2.7 kila mmoja. Waliopimwa shinikizo kwanza walipata 1.9. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.3 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, kupata mshtuko wa moyo au kurudiwa na upasuaji au upanuzi, dhidi ya asilimia 13.2 ya kundi la pili. Stenti chache, madhara machache.

Utafiti huo ulifichua jambo jingine la kustaajabisha. Kati ya mibano iliyoonekana kwenye picha kuwa ya asilimia 50 hadi 70, takriban thuluthi mbili haikuwa ikizuia damu kwa kiwango cha kudhuru. Hata katika mibano ya asilimia 71 hadi 90, mmoja kati ya kila mitano haukuwa na madhara hayo. Jicho, hata la bingwa, hudanganyika.

Mfano wa bomba la maji

Sasa turejee kwa wagonjwa wetu wawili. Ili kulielewa fumbo lao, mpenzi msomaji, fikiria mradi wa maji kijijini. Tangi liko kilimani. Bomba kuu linateremka hadi kijijini, kisha linagawanyika kuwa mabomba madogo yaendayo kila boma. Jiwe limeingia katika bomba kuu na kulibana.

Siku ambayo mabomba madogo ni mazima na kila boma limefungua mfereji, maji hukimbia kwa kasi. Yanapopita penye jiwe hupoteza nguvu nyingi, na ukipima shinikizo kabla na baada ya jiwe utapata tofauti kubwa.

Lakini tuseme mabomba madogo yameingia kutu na kuziba nusu. Maji yanayoteremka ni machache, yanapita polepole, na penye jiwe hayapotezi nguvu nyingi. Ukipima utaona shinikizo la pande zote mbili linakaribiana. Fundi asiyejua habari ya kutu atasema jiwe hilo si kitu. Na ukifunga mifereji yote kabisa, tofauti itatoweka, japo jiwe halijasogea hata unywele mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyo katika moyo. Shinikizo hupungua penye mbano kwa sababu damu inapita. Ikiwa vijishipa vimekakamaa na haviwezi kufunguka hata baada ya dawa, damu inayopita ni kidogo, tofauti ya shinikizo ni ndogo, na kipimo husomeka juu.

Kwa hesabu sahili, mbano unaotoa kipimo cha 0.75 katika moyo wenye vijishipa vizima utatoa takriban 0.86 iwapo ukinzani wa vijishipa utaongezeka maradufu. Mbano ni ule ule. Mgonjwa wa kwanza alivuka mpaka wa kuwekewa stenti, wa pili hakuuvuka.

Je, kipimo kimedanganya?

Hapa ndipo penye utata ambao umewafanya wataalamu wajadiliane kwa miaka mingi. Wapo wanaosema kwamba kipimo cha 0.86 ni cha uongo, maana kimeficha mbano wa kweli. Wapo wanaosema kimesema kweli tupu. Tukiendelea na hesabu yetu, tutaona kila upande umeshika sehemu ya ukweli.

Tuchukue kwamba moyo mzima usio na mbano unaweza kupitisha vipimo 100 vya damu unapofanya kazi ngumu. Mgonjwa wa kwanza, kwa sababu ya mbano wake, hupitisha 75. Akiwekewa stenti atapata 100. Ameongeza vipimo 25, na huenda akapanda ngazi bila maumivu.

Mgonjwa wa pili ana vijishipa vibovu. Hata kama angekuwa hana mbano wowote, upeo wake ni 50. Kwa sasa anapitisha takriban 43. Akiwekewa stenti atafika 50, ongezeko la vipimo saba tu. Atakuwa amegharamika, ameingia hatari zote za kuingiziwa chuma mwilini, na atameza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mingi, kisha arejee nyumbani na sehemu kubwa ya maumivu yake.

Kwa hiyo kipimo cha 0.86 kilisema kweli kuhusu swali kilichoulizwa: je, stenti itasaidia kiasi gani? Kosa lilikuwa katika tafsiri. Kuambiwa kwamba mbano hauhitaji stenti si sawa na kuambiwa kwamba moyo ni mzima. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Hali huwa tofauti mtu anapopatwa na mshtuko wa moyo. Saa hizo, vijishipa vya sehemu iliyoathirika huwa vimejeruhiwa au kuzibwa na chembechembe za damu iliyoganda, na vingine hupata nafuu baada ya siku au majuma. Kipimo cha FFR katika mshipa uliosababisha mshtuko, kikichukuliwa wakati huo, kinaweza kusomeka juu isivyostahili, kisha kishuke vijishipa vinapopona. Ndiyo maana madaktari hawategemei kipimo hiki kuamua kuhusu mshipa huo katika saa hizo za dharura.

Kuna pia sababu ndogo ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuidhibiti. Kafeini iliyo katika chai na kahawa hupinga kazi ya adenosini. Mgonjwa aliyeamka akanywa kikombe cha chai ya rangi anaweza kuzuia vijishipa vyake visifunguke ipasavyo, na kipimo chake kikasomeka kizuri kuliko hali halisi. Anayekatazwa chai na kahawa kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kipimo hiki asidhani anasumbuliwa bure.

Vipimo vya vijishipa vyenyewe

Kwa bahati nzuri, waya ule ule unaweza kutumika kuvichunguza vijishipa. Daktari hudunga maji ya chumvi yenye baridi kuliko damu na kupima muda yanaochukua kufika kwenye ncha ya waya. Yakifika upesi, damu inakwenda kwa kasi, yakichelewa, inajikokota.

Kutokana na muda huo hupatikana hesabu mbili. Ya kwanza huitwa CFR, nayo hulinganisha mtiririko wa damu baada ya dawa na ule wa wakati wa mapumziko. Moyo unaoshindwa hata kuongeza damu yake maradufu huwa una kasoro, ama katika mshipa mkubwa, ama katika vijishipa, ama kotekote.

Ya pili ni IMR, iliyobuniwa na William Fearon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa 2003. Huzidisha shinikizo lililo mbele ya mbano kwa muda wa maji kufika, vijishipa vikiwa vimefunguliwa na dawa. Shinikizo la 80 na muda wa sekunde 0.2 hutoa 16, hali ya kawaida. Shinikizo lilo hilo na sekunde 0.5 hutoa 40. Kuanzia 25 kwenda juu, vijishipa hushukiwa kuwa vibovu.

Mgonjwa wa kwanza katika mfano wetu angekuwa na FFR ya chini na IMR ya kawaida: tatizo lake ni mbano, na stenti ni jibu linalofaa. Wa pili angekuwa na FFR ya juu na IMR ya juu: tatizo lake kubwa limo katika vijishipa. Hesabu moja ingewaacha gizani. Mbili zinawatenganisha kama mchele na chuya.

Kuna kipimo kingine, iFR, kilichoasisiwa na wataalamu wa chuo cha Imperial College London, ambacho hakihitaji dawa ya kufungua vijishipa. Huchukua shinikizo katika kipindi kifupi ambapo moyo umetulia kati ya pigo moja na jingine, na mpaka wake ni 0.89. Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa 2017, zilizohusisha jumla ya wagonjwa zaidi ya 4,500, zilionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya FFR. Lakini hata iFR haiepuki ushawishi wa vijishipa. Mtu ambaye moyo wake unapitisha damu nyingi hata akiwa amepumzika, kwa mfano kutokana na upungufu wa damu mwilini au mapigo ya kasi, anaweza kupata jibu la chini. Si ajabu basi kwamba vipimo hivi viwili hutofautiana kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kila watano.

Nani yumo hatarini?

Maradhi ya vijishipa huandamana na mambo yale yale yanayoharibu mishipa mikubwa: shinikizo la juu la damu, kisukari, uvutaji sigara, kolesteroli nyingi, maradhi ya figo na umri mkubwa. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa hunenepesha msuli wa moyo hadi vijishipa vishindwe kuulisha. Kisukari nacho hudhuru utando laini ulio ndani ya vijishipa na kuvinyima uwezo wa kufunguka.

Haya si mambo ya mbali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibainisha kwamba takriban Mkenya mmoja kati ya wanne walio watu wazima alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Kundi jingine linalostahili kuangaliwa ni wanawake. Miongoni mwa watu wenye maumivu ya kifua ambao picha ya mishipa haionyeshi mbano wowote wa maana, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kwa miaka na mikaka wamekuwa wakirudishwa nyumbani na kuambiwa ni gesi tumboni, ni mawazo, ni kukoma hedhi. Baadhi yao walikuwa wagonjwa kweli, na vijishipa vyao vilikuwa na kasoro isiyoonekana pichani.

Kwamba kuwapima kuna tija kulithibitishwa na utafiti wa CorMicA nchini Scotland, uliochapishwa 2018. Wagonjwa 151 wenye maumivu ya kifua lakini wasio na mbano mkubwa walipimwa vijishipa. Nusu yao walitibiwa kulingana na majibu ya kipimo, waliosalia wakapewa huduma ya kawaida bila daktari wao kuyajua majibu hayo. Baada ya miezi sita, waliotibiwa kulingana na kipimo walikuwa na maumivu machache na maisha bora kuliko wenzao. Mnamo 2024, mwongozo wa chama cha madaktari wa moyo barani Ulaya ulipendekeza kipimo cha namna hii kwa wale ambao maumivu yao hayaishi licha ya dawa, na ambao inashukiwa kuwa wana tatizo hilo.

La kufanya

Vipimo hivi havipatikani kila hospitali, na ni ghali. Hata hivyo, kuna mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kufanya hata kabla ya kuvifikia.

Kwanza, maumivu makali ya kifua yasiyokoma, yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, yakiandamana na jasho jembamba au kukosa pumzi, ni dharura. Hapo hapana muda wa kubishana kuhusu hesabu. Mtu akimbizwe hospitali, kwani kufungua haraka mshipa uliozibwa na mshtuko wa moyo huokoa maisha.

Pili, kwa yule ambaye maumivu yake ni ya muda mrefu na huja anapofanya kazi, si vibaya kumuuliza daktari kabla ya kukubali stenti: je, mbano huu umepimwa shinikizo au umetazamwa kwa macho tu? Familia nyingi huuza shamba au kuandaa harambee kugharimia matibabu ya moyo. Ni haki yao kujua iwapo kinachonunuliwa kitaondoa maumivu.

Tatu, aliyeambiwa kwamba mishipa yake haina tatizo, na bado anaumwa, asinyamaze. Aulize: je, mishipa yangu midogo imechunguzwa? Pasipokuwa na waya wa kupima, baadhi ya hospitali kubwa duniani hutumia picha za nyuklia au za sumaku kukadiria namna damu inavyoufikia msuli. Na hata bila hizo, daktari anayelishuku tatizo hilo anaweza kuanza dawa za kutuliza moyo, kushusha shinikizo na kupunguza kolesteroli, huku akifuatilia iwapo mgonjwa anapata nafuu.

Hakuna stenti ya kijishipa. Kinachovisaidia ni mambo ambayo hayana mbwembwe: kumeza dawa za shinikizo na kisukari bila kuruka siku, kuacha sigara, kutembea kwa miguu kila siku kwa kiasi alichoshauri daktari, na kupunguza chumvi na mafuta.

Mgonjwa wetu wa pili, basi, hakuambiwa uongo alipoambiwa kwamba mshipa wake mkubwa hauhitaji chuma. Aliambiwa nusu ya habari. Nusu iliyosalia ingepatikana kwa kuuliza swali moja zaidi, na kuuliza si ujinga.